Jeli ya kung'arisha meno: kabla ya bei, uliza imekaa wapi

Wasomaji wananiandikia lalamiko lilelile: "Dada, nimepaka jeli mpaka imeisha, meno yako vilevile." Nikiuliza ilikuwa imewekwa wapi dukani, naambiwa kwenye kabati la kioo pale mlangoni, linapopigwa na jua.

Basi hapo ndipo pesa ilipopotelea. Kinachong'arisha jino ni peroksaidi, nayo haivumilii joto. Inavunjika kidogo kidogo na kuishia kuwa maji na oksijeni. Asilimia iliyoandikwa kwenye boksi ni ya siku ilipotoka kiwandani. Baada ya miezi ya jua la Dar hakuna anayejua imebaki ngapi, ila bei haishuki.

Namba moja kwangu, na sifichi, ni jeli ya Opalescence ya asilimia 10 pamoja na trei, yaani kibebeo cha kuvalia juu ya meno, unayopimiwa na daktari wa meno. Usidharau hiyo 10. Trei iliyokaa sawasawa inaishikilia jeli kwenye jino usiku kucha bila kumwagikia fizi, na ndani ya jeli hiyo kuna potasiamu naitreti inayopunguza meno kufa ganzi. Mwambie daktari akutolee jeli kwenye friji huku unaona. Ikiisha, trei unabaki nayo, unanunua jeli tu.

Namba mbili ni kung'arishwa kliniki. Unatoka na matokeo siku hiyohiyo, lakini ni ghali, na ile taa ya bluu wanayoisifia haiongezi weupe wa kudumu wa kulipia.

Tatu, vibandiko vya kung'arisha meno vya Crest, kwa wenye meno yaliyonyooka. Yaliyopandana hayashikwi vizuri.

Poda ya mkaa na ndimu achaneni navyo. Vinakula jino, na jino likishalika halioti tena.

Mliokulia kwenye maji yenye floraidi nyingi, Arusha na Meru hasa, msianzie dukani. Madoa yenu yako ndani ya jino, na jeli peke yake inaweza kuyafanya mabaka meupe yaonekane zaidi. Jino lililovikwa kofia ya bandia nalo halibadiliki rangi hata ulipake mwaka mzima.

Wauzaji nao wananiudhi. Boksi lenye maelekezo ya kuhifadhi mahali pa baridi linatupwa, bomba linauzwa peke yake bila boksi, na stika ya bei inabandikwa juu kabisa ya tarehe ya kuisha. Ibandueni hiyo stika muuzaji akiwa anaangalia. Akikataa, rudisheni pesa mfukoni.