Tahadhari kwa wazazi wa Lamu na Malindi: muuzaji wa "sindano ya jeni" ya misuli

Ndugu zangu wa Amu, Mokowe na Malindi, ninawatahadharisha juu ya mtu anayezungukia nyumba zenye watoto wanaougua Duchenne, ule ugonjwa wa kurithi wa kudhoofika misuli, akiwauzia wazazi kitu anachokiita sindano ya jeni. Kwa dada yangu, mtaa wa Langoni, alifika na kanzu safi, maneno ya upole na sanduku la barafu la buluu, akapokea arubuni ya shilingi 60,000, akaacha kichupa kimoja kwenye friji kama amana na kuahidi kurudi Jumatatu. Simu yake haijapatikana tangu siku hiyo.

Mpwa wangu ana miaka tisa na uzani wa kilo 22. Akiinuka sakafuni hushika magoti, kisha mapaja, akajipandisha kwa mikono yake mwenyewe, na mama anayeyatazama hayo kila asubuhi simlaumu kwa kumwamini mtu aliyemletea tumaini mpaka mlangoni.

Tiba ya jeni kwa ugonjwa huu ipo kweli, na hicho ndicho chambo cha muuzaji huyu. Dawa iitwayo Elevidys iliidhinishwa Marekani mwezi Juni 2023, kwa bei ya dola milioni 3.2 kwa mgonjwa mmoja. Jeni ya distrofini, protini ya kuimarisha misuli ambayo watoto hawa wameikosa, ni kubwa mno kutoshea ndani ya kirusi kinachotumiwa kuibeba hadi kwenye misuli, hivyo hutumika nakala iliyofupishwa, na dawa yenyewe haiondoi ugonjwa. Hutolewa mara moja tu maishani, kwa dripu, baada ya damu kupimwa kama mwili tayari una kinga dhidi ya kirusi hicho; ikishatolewa, kinga hiyo hupanda na kuzuia kurudia. Yule bwana alituuzia sindano tano za begani, moja kila mwezi.

Kipimo cha dawa halisi ni mililita 10 kwa kila kilo ya mgonjwa, na kila kichupa kina mililita 10, maana yake mpwa wangu angehitaji vichupa 22 kwa mpigo mmoja. Sisi tuliachiwa kimoja. Nilipokitoa kwenye friji lebo ilikuwa imelowa, nikaikwaruza kwa ukucha ikabanduka, na chini yake pakatokea lebo ya antibiotiki ya kawaida.

Namshukuru Mungu hakuwahi kumdunga. Hata dawa halisi, mikononi mwa mabingwa, ina hatari: mwaka 2025 ilitangazwa kwamba vijana wawili waliokuwa hawawezi tena kutembea walifariki kwa ini kushindwa kufanya kazi, na baadaye matumizi yake Marekani yakabakizwa kwa wanaotembea, wenye miaka minne na zaidi. Mgonjwa hupewa steroidi, dawa za kutuliza kinga ya mwili, na hupimwa ini kila wiki kwa miezi mitatu au zaidi. Mtu wa sanduku la barafu hakutaja ini hata mara moja.

Akibisha hodi kwenu, muulizeni mtoto wa kilo kadhaa anahitaji vichupa vingapi, na msitume pesa yoyote kwa simu. Aliyekwisha kutuma ahifadhi ujumbe wa malipo na kichupa chenyewe, asikitupe, aripoti polisi na kwa Bodi ya Famasia na Sumu. Chetu tumekifunga kwenye mfuko wa nailoni, pamoja na ile lebo iliyobanduka.