Vijarida huru vya safari: uanze na kipi, na kipi ukiache

Kijarida huru ni kitabu chembamba ambacho mtu mmoja, au wawili watatu wanaoelewana, wamekiandika, wamekipanga, wamekitoa kopi na kukipiga pini wenyewe, bila mchapishaji wa kuwaambia wakate wapi. Wamarekani na Waingereza hukiita zine, kifupi cha fanzine, neno lililobuniwa mwaka 1940 miongoni mwa wapenzi wa hadithi za kisayansi huko Marekani. Humu tutasema kijarida, kwa kuwa neno hilo likitamkwa Kiswahili linaleta maana isiyohusiana kabisa na karatasi. Vya safari vina utamu wake. Vinakupa kile ambacho vitabu vya watalii hukiruka: nauli halisi aliyolipa mtu usiku ule, mvua ilipoanza, nani alimwonesha pa kulala.

Kabla ya kuchagua, pima uzito. Mnunuzi aliye Dar es Salaam, Mombasa au Nairobi halipii karatasi tu, analipia na ndege. Karatasi moja ya A4 ya gramu 80 kwa mita ya mraba ina uzito wa gramu 5. Kijarida cha A5 chenye kurasa 32 ni karatasi 8 za A4 zilizokunjwa, yaani gramu 40. Ongeza jalada la karatasi nzito gramu 10, unapata 50. Vijarida 20 vinatimiza kilo. Kijarida kimoja kikitumwa peke yake kutoka Marekani, gharama ya posta mara nyingi hupita bei yake, lakini kumi vikienda kwenye bahasha moja mzigo unagawanyika. Kwa hiyo mpangilio wetu unaangalia unapata usomaji kiasi gani kwa kila gramu, si jalada linavyong'aa.

Nafasi ya kwanza: masimulizi ya fotokopi

Anza hapa bila kusita. Kijarida cha maandishi cha A5, wino mweusi, pini mbili mgongoni, kwa kawaida huuzwa kati ya dola 3 na 8. Kurasa 32 zilizopangwa kwa herufi ndogo zinabeba maneno 8,000 hadi 9,000, usomaji wa jioni mbili. Wino wa mashine ya kopi ni unga unaoyeyushwa kwa joto na kushikamana na karatasi, kwa hiyo haufutiki kwa jasho la kidole wala hauvuji ukipata unyevu kidogo. Tena waandishi wengi hutoa kopi mpya zikiisha, hivyo huna haja ya kukimbilia kununua eti vitakwisha.

Kabla ya kulipa, tafuta kwenye maelezo ya muuzaji mambo manne: idadi ya kurasa, ukubwa, njia ya uchapaji, na mwaka wa safari yenyewe. Mwaka wa kuchapwa hautoshi, kwani safari ya mwaka 2009 inaweza kuchapwa leo, na hilo si kosa ilimradi umeambiwa. Muuzaji asiyeonesha hata ukurasa mmoja wa ndani, mwombe. Kwenye ukurasa huo tazama kama kuna majina ya vituo, saa na bei. Mwandishi anayejaza kurasa kwa "watu wakarimu" na "machweo mazuri" bila kutaja hata kituo kimoja hatabadilika ukurasa wa ishirini.

Kasoro za fotokopi zinajulikana. Mashine nyingi haziwezi kuchapa hadi ukingoni. Huacha kama milimita 4 au 5 nyeupe, na mwandishi asiyelijua hilo hupoteza herufi za pembeni. Maneno yaliyosogezwa mno kwenye mkunjo humezwa na mgongo, hasa kurasa zikizidi 40. Picha iliyotolewa kopi ya kopi hugeuka doa jeusi. Hii ya mwisho wakati mwingine ni uzuri: tiketi ya basi iliyolazwa moja kwa moja juu ya kioo cha mashine hutoka na kivuli cha mikunjo yake, tundu la kondakta na wino wa mhuri uliopauka, ukaona kabisa kwamba ilikaa mfukoni.

Nafasi ya pili: njia moja, mji mmoja

Hivi ni vijarida vinavyoshika reli moja, kivuko kimoja au mtaa mmoja na kuuchimba hadi mwisho, mara nyingi pamoja na ramani ya mkono. Bei yake hukaribiana na ya kundi la kwanza. Tumeviweka vya pili kwa sababu ubora hupishana mno: kizuri unakirudia miaka kumi, kibaya ni orodha ya migahawa iliyofungwa. Ramani ya kuaminika ina mshale wa kaskazini na walau umbali mmoja ulioandikwa, hata kama ni "dakika 20 kwa mguu". Tandika ramani ya kawaida pembeni ufuatishe kwa penseli. Ndivyo kijarida cha aina hii kinavyofurahiwa.

Kuna kundi tunaloliangalia kwa jicho kali zaidi, nalo ni vijarida vya wageni waliopita pwani yetu. Msomaji wa Kiswahili ana kipimo ambacho mnunuzi wa London hana. Mwandishi aliyefika Unguja kwa miguu yake anajua kwamba daladala ya Nungwi ni namba 116, anaandika "shikamoo" mahali pake na anaeleza aliyeamkiwa alijibuje. Kama Kiswahili chote kilichomo ni "hakuna matata", na watu waliopigwa picha hawana majina wala neno lolote walilosema, hela yako ipeleke kwingine.

Nafasi ya tatu: risografu

Risografu ni mashine ya kampuni ya Kijapani ya Riso. Kwa umbo inafanana na mashine ya kopi, ila inafanya kazi kama stensili: inatoboa karatasi laini ya kiolezo, inaizungusha kwenye pipa lenye wino wa rangi moja, na wino unapenya matunduni. Rangi ya pili inahitaji pipa la pili, na karatasi ipite tena. Ndiyo sababu mistari ya rangi mbili haikutani sawasawa. Mpishano wa milimita moja ni wa kawaida na wengi wetu tunaupenda. Ukizidi milimita 3 hadi herufi zinasomeka mbilimbili, una haki ya kuomba kopi nyingine.

Bei ni dola 10 hadi 25, na karatasi huwa nzito zaidi, kwa hiyo hesabu ya gramu inaanza kukuumiza. Lakini kwa michoro ya safari hakuna kinachoshindana na waridi kali la risografu likilala juu ya buluu. Jambo la kujua ni kwamba wino wake ni wa mafuta na haukauki kabisa kamwe. Gusa eneo lililojaa rangi kwa ncha ya kidole kikavu, kisha ubonyeze kidole hicho kwenye karatasi nyeupe: alama hafifu itabaki. Si ubovu, ndivyo wino ulivyo. Soma kwa mikono iliyooshwa na kukaushwa, usipake losheni kwanza, na weka karatasi nyembamba kati ya kurasa mbili zenye rangi nzito zinazotazamana. Usikitundike dirishani, maana waridi kali ndilo hupauka la kwanza kwenye jua.

Nafasi ya nne: picha

Vijarida vya picha huenda dola 12 hadi 30. Nunua tu kama umeona picha zisizopungua tano za ndani. Vingi ni picha 20 nzuri zisizo na mahali, mwaka wala neno. Tahadhari nyingine ni mgongo wa gundi kwenye kijarida chembamba: chini ya milimita 3 hivi, gundi haina pa kushika, hupasuka ukikifungua mara ya tatu. Pini ni bora.

Vinavyobaki tuvipitie haraka. Kijarida kidogo cha karatasi moja ya A4 iliyokunjwa mara tatu na kukatwa mpasuko mmoja katikati hutoa kurasa nane. Kina gramu 5, ni cha dola moja au mbili, na ni nyongeza nzuri ya kujaza bahasha ambayo tayari umeilipia. PDF ni chaguo la heshima pale posta inaposhindikana, na ukichapa mwenyewe steshenari mwambie mhudumu achague mpangilio wa kijitabu na kugeuza kwa upande mfupi. Akichagua upande mrefu, nusu ya kurasa zitatoka kichwa chini. Vijarida vya zamani vinavyouzwa tena kwa bei ya kumbukumbu tumeviweka mwisho kabisa. Fotokopi ya mwaka 1994 na fotokopi ya mwaka jana zinaweza kufanana kwa kila kitu, na mnunuzi mpya hana namna ya kuzitenganisha.

Wapi, na inafikaje

Bora kununua kwa mwandishi mwenyewe: pesa inamfikia yote, na ukimwandikia atakujibu, pengine atakuongezea kitu. Lakini kwa hesabu ya posta, agizo la kwanza lipitie duka au msambazaji mdogo mwenye waandishi wengi mahali pamoja, upate vijarida kumi kwa bahasha moja. Quimby's ya Chicago imekuwa ikiuza vijarida vya watu binafsi tangu 1991, Printed Matter ya New York tangu 1976 inashughulikia zaidi vitabu vya wasanii, na Microcosm ya Portland inachapa na kusambaza. Kama una ndugu Marekani au Uingereza anayekuja likizo, peleka mzigo kwake. Kilo mbili za vijarida ni 40, na kwenye sanduku la ndege la kilo 23 si mzigo mkubwa.

Malipo huwa kwa kadi au PayPal. Kadi pepe ya Visa ya M-Pesa, ambayo Kenya inaitwa GlobalPay, hufanya kazi kwenye maduka mengi. Kitakachokukwamisha ni huduma ya posta. Media Mail, ile nafuu inayotajwa kwenye maduka ya Marekani, haitoki nje ya nchi hiyo, kwa hiyo gharama unayoiona mwanzo si yako. Mkiwa kikundi, mwulizeni muuzaji kuhusu M-bag, mfuko wa posta ya Marekani wa machapisho matupu kwenda kwa mpokeaji mmoja: kima cha chini ni pauni 11, yaani kilo 5, sawa na vijarida 100 vya A5. Ahakikishe kwanza kama unapokelewa nchini kwenu.

Mwombe muuzaji aandike kwenye fomu ya forodha, CN22, maneno "printed books", namba ya forodha ya vitabu, 4901, na thamani ya kweli. Fomu iliyoandikwa "gift" peke yake hukaribisha maswali. Anwani iwe na S.L.P. na namba ya simu. Na aweke kadibodi ngumu pande zote mbili, kubwa kuliko kijarida kwa sentimita moja, maana kona ndizo huumia kwanza.

Kikifika, kihesabu kurasa. Idadi ya kurasa za kijarida cha pini lazima igawanyike kwa nne. Isipogawanyika, kuna ukurasa uliochanika; ikipungua kwa nne kuliko ulivyoambiwa na muuzaji, karatasi imeruka wakati wa kupanga. Angalia pini zimepita mkunjoni na si pembeni yake.

Kuvitunza pwani

Hapa ndipo makusanyo mengi hufia. Kwanza mfuko: usitumie zile mifuko laini za PVC za steshenari, zenye harufu ya plastiki mpya. Vilainisho vilivyomo hulamba unga wa fotokopi, na baada ya miezi kadhaa unavuta kijarida maneno yakabaki kwenye plastiki, yamegeuka kinyume. Chukua polipropilini, ile ngumu kidogo inayotoa mlio. Pima pia ukubwa: nusu ya karatasi ya Kimarekani ni milimita 140 kwa 216, na A5 ni 148 kwa 210, kwa hiyo kijarida cha Marekani hutokeza kichwa kwenye mfuko wa A5.

Sanduku lisiguse ukuta wa nje wala sakafu. Tupia vifuko vya silika jeli vya kunyonya unyevu, uvibadilishe vikilowa. Nafthalini iache, harufu yake huingia kwenye karatasi na haitoki. Ukiona vumbi laini au matundu madogo ya wadudu, funga kijarida kwenye mfuko usiopitisha hewa, weka kwenye friza kwa wiki mbili, kisha kitoe na usifungue mfuko mpaka kesho yake, ili umande ubaki nje. Umeme ukikatika hadi friza ikayeyuka, anza kuhesabu upya.

Pini zikianza kutu, usizivute. Fungua kijarida katikati, inua miguu ya pini kwa kisu butu mpaka isimame, halafu isukume nje kwa upande wa jalada. Toboa tundu la tatu katikati ya yale mawili. Kata uzi wa pamba urefu wa mara mbili na nusu ya mgongo, kama sentimita 50 kwa A5. Sindano itoke nje kupitia tundu la kati, iingie ndani kwa la juu, ishuke kwa ndani ikipita la kati bila kuliingia, itoke kwa la chini, irudi ndani kwa la kati. Ncha mbili za uzi zikae kila moja upande wake wa ule uzi mrefu, uzifunge fundo mara mbili juu yake, ukate ubakize sentimita moja.