Rangi ya kupiga gari kuukuu mwenyewe: ipi ununue kwanza, ipi uiache dukani

Anayenyoosha bodi na kupiga rangi gari lake nyumbani hukosea zaidi dukani kuliko kwenye msasa. Hununua rangi nzuri ya bei, kisha thina (kiyeyusho cha rangi) yoyote iliyo karibu, praima (rangi ya kwanza ya kushikisha) ya mfumo mwingine na hadina (kikomazo kinachochanganywa na rangi) iliyobaki kwa fundi fulani. Muda si mrefu rangi inajikunja au inabanduka. Kwa hiyo nunua seti: praima, rangi, hadina na thina za mfumo mmoja, na ikiwezekana za kampuni moja. Mpangilio ulio hapa umezingatia mambo matatu: rangi itashika vipi kwenye bodi ya zamani, inadai vifaa gani, na ukikosea inarekebishika au la.

Kabla ya kutoka nyumbani, jua gari limepigwa nini. Lowesha kitambaa cheupe kwa thina ya NC (nitroselulosi, rangi inayokauka kwa thina kuruka tu), sugua kwa nusu dakika sehemu ya chini ya kila mlango, kila fenda, boneti na buti. Fanya hivyo kila kipande, maana gari la zamani huwa limepigwa rangi vipande vipande na mafundi tofauti. Rangi ikihamia kwenye kitambaa, hiyo ni NC. Ikivimba na kukunjamana, ni rangi ya mafuta, na hiyo haina dawa ila kuikwangua hadi kwenye bati. Isipobadilika, ni ya kiwandani au 2K (rangi inayochanganywa na hadina) iliyokomaa, na huo ndio msingi mzuri wa kujengea.

Soma pia namba ya rangi. Kwenye Toyota iko kwenye bamba lililo ndani ya boneti au kwenye nguzo ya mlango, mstari wa C/TR: 040 ni nyeupe ya kawaida, 202 ni nyeusi. Ukikuta 070, hiyo ni nyeupe ya lulu yenye tabaka tatu, anayeanza asiiguse.

1. 2K isiyohitaji klia (rangi angavu ya juu)

Kwa gari jeupe, jekundu, la bluu ya kawaida au rangi yoyote isiyo na chembe zinazometa, hii ndiyo ya kwanza bila ubishi. Inakomaa kwa kushikana na hadina, si kwa thina kuruka tu, ndiyo maana petroli ikimwagika pembeni mwa tundu la tangi haiiachii doa. Na ikichuruzika, unasubiri ikauke, unaisugua kwa msasa wa maji namba 1500 kisha 2000, unaipolishi, alama inaondoka.

Mchanganyo wa kawaida ni vipimo 2 vya rangi kwa 1 cha hadina, kisha thina asilimia 10. Zipo za 4 kwa 1, kwa hiyo fuata maandishi ya kopo wala si mazoea ya mtu. Hadina ikipungua, rangi inabaki laini na kucha inaingia. Kwa sedani ya ukubwa wa Corolla, nje tu, mikono (tabaka) mitatu, nunua rangi lita 2.5, hadina lita 1.25 na thina kama mililita 400. Ukibadilisha rangi ya gari, ongeza lita moja kwa ajili ya kingo za milango na ndani ya buti. Usichanganye yote kwa pamoja. Ikishakutana na hadina saa zake zinahesabika, na joto linazipunguza zaidi.

Kuna jambo moja zito. Hadina ya 2K ina isosayaneti, kemikali inayoweza kukuachia pumu ya kudumu, na huwezi kutegemea harufu ikuonye. Barakoa ya kitambaa au ya vumbi haisaidii kitu. Kinga inayofaa ni ile inayoletewa hewa safi kwa mpira kutoka nje ya eneo la kazi, pamoja na miwani, glavu na nguo ya kufunika mwili. Usipoipata, fanya puti (ya kujazia mabonde ya bodi), msasa na praima isiyo ya hadina mwenyewe, halafu mlipe fundi mwenye chumba na vifaa apige mikono ya mwisho. Bado utakuwa umeokoa sehemu kubwa ya gharama, maana saa nyingi za kazi hii ziko kwenye maandalizi.

2. Beisi na klia

Kwa gari la rangi ya fedha au lenye metaliki (chembe zinazometa), hii ndiyo njia ya kawaida. Beisi, yaani rangi yenyewe, huchanganywa na thina, mara nyingi nusu kwa nusu, na hukauka bila mng'ao. Klia ya 2K ndiyo inayoleta mng'ao na kinga, kwa hiyo hatari ya hadina iko palepale. Imeshuka hadi nafasi ya pili kwa sababu ya chembe: mkono ukienda polepole sehemu moja, metaliki inajikusanya na kuacha mabaka ambayo hayasuguliki, ni kupiga upya. Piga milango na fenda vikiwa vimesimama kama vinavyokaa kwenye gari, usivilaze chini, la sivyo rangi moja itaonekana mbili.

3. NC

Hukauka dakika 10 hadi 15, hivyo vumbi la uani halipati nafasi ya kukaa, na kompresa ndogo inaitosha. Haina hadina, ingawa mvuke wake bado unadai barakoa yenye kichujio cha mvuke na mahali wazi pasipo moto wala sigara. Ubaya wake: mng'ao hufifia upesi juani, petroli huila, na ukija kupiga 2K juu yake inaweza kuinuka.

Pwani ina tatizo lake. Thina ikiruka haraka hupoza bati, unyevu wa hewa unatua juu, rangi inageuka nyeupe kama moshi. Wakati wa masika Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, nunua thina inayoruka polepole, na piga umande ukishakauka, kuanzia saa tatu asubuhi.

4. Rangi ya mafuta

Kwa chasi na bodi ya lori kama Canter, sawa. Kwa gari dogo, hapana: hubaki na unata kwa saa nyingi, hukusanya vumbi, na fundi atakayefuata atalazimika kuikwangua.

5. Makopo ya kupuliza

Kopo la mililita 400 hufunika takriban mita moja ya mraba. Kioo cha pembeni au kona ya bampa tu.

Kompresa ndogo ya lita 50 haiwezi kulisha bunduki kubwa ya kupulizia rangi. Upepo unashuka katikati ya mlango na rangi inatoka na vipele. Tumia bunduki ndogo inayokula upepo kidogo, tundu la milimita 1.3, upige kipande kimoja kimoja, au ukodi kompresa kubwa kwa siku moja. Kichujio cha maji kwenye mpira wa upepo si hiari.

Puti nunua kilo 2. Hadina yake ni asilimia 2 ya uzito. Ikizidi, itapanda juu na kutia rangi mabaka. Usiijaze zaidi ya milimita 3, na usiipake juu ya kutu: kata, chomelea bati jipya, ndipo upake. Puti inanyonya maji, kwa hiyo isugue kavu: msasa namba 80, 180, kisha 320. Praima ikishakauka, isugue kwa msasa namba 600 kwa 2K na 800 kwa metaliki.

Dukani, iwe Gerezani jijini Dar es Salaam au Kirinyaga Road jijini Nairobi, usikubali thina iliyopimwa kwenye chupa ya maji isiyo na jina. Hadina nayo inaharibiwa na unyevu mara kopo likifunguliwa, hivyo nunua ndogo iliyofungwa: ukiifungua ukaikuta nzito au ina ukungu mweupe, irudishe.