Python 3.13: ujumbe wa hitilafu umeanza kusema kweli

Kwa wanaojifunza kuprogramu Mombasa, toleo hili la Oktoba 2024 lafaa kupakuliwa. Ukiita faili lako random.py kisha uandike import random, Python hulivuta lako badala ya la maktaba yake, kwani hutafuta kwanza kwenye folda ya skripti. Matoleo ya nyuma yalilia tu kwamba moduli (faili la msimbo linaloagizwa) haina randint, kitendaji cha kutoa namba ya nasibu, tena yakasingizia uagizaji wa mzunguko, yaani moduli kuagizana zenyewe kwa zenyewe. Mtu akesha Tudor akisakinisha upya, wapi! Hili lakwambia waziwazi ubadilishe jina.

Mwenye 3.12 aendeshe hii ndani ya folda hiyo:

python -c "import importlib.util as u; print(u.find_spec('random').origin)"

Ikitoka njia ya folda yako, mwizi ni huyo.

Hitilafu za DLL (faili za msimbo ambazo programu nyingi hushiriki) kwenye Windows bado fumbo: yadaiwa moduli haipatikani, kumbe ipo, iliyokosekana ni DLL nyingine inayotegemewa nayo.