Tahadhari: Fundi wa Grogan aliyeniuzia swichi ya gia, kumbe hakugusa hata nati

Wiki nzima nimeona aibu kuandika haya. Lakini nikinyamaza kuna mwingine atalizwa kesho, na mkora yule atakuwa amekaa pale pale juu ya tairi akitafuna miraa.

Gari langu, Toyota Fielder, mnalijua na mnajua lilikonitoa, sirudii. Jumatatu asubuhi ilikataa kuwaka. Ufunguo unageuka, taa za dashibodi zipo, starta kimya. Nikavuta gia kutoka P (ya kuegesha) hadi N (gia huru), ikawaka. Ile herufi ya gia kwenye dashibodi ikapotea, taa ya injini ikatokea. Nikaenda nayo hivyo hivyo mdogo mdogo hadi kwa huyo jamaa, pale Grogan, Nairobi, upande wa Kirinyaga Road. Msiniulize kwa nini sikungoja fundi wangu. Alikuwa kwao mazishini na mimi nilikuwa na kazi.

Sasa sikieni nilivyoingizwa boksi. "Karibu madam, usijali, hiyo ni kitu kidogo." Akachomeka mashine chini ya usukani, ile yenye skrini kubwa. Na hakunificha kitu! Alinigeuzia skrini nisome mwenyewe msimbo wa hitilafu: P0705. Nikatoa simu, nikatafuta, na kweli, hitilafu kwenye mzunguko wa umeme wa sensa ya gia, yaani ile swichi inayoiambia kompyuta ya gari uko gia gani. Nani angeshuku hapo? Msimbo ulikuwa wa kweli, basi nikamchukulia na yeye kuwa wa kweli.

Akasema swichi imeungua, mpya kutoka Japani ni 26,000. Nikabembeleza hadi 19,500, nikajiona mjanja. Mjanja, mimi!

Akanituma kibandani nikanywe chai, eti nisichafue nguo za kazi. Baada ya dakika 40 ananiita. Ameshika kitu cheusi kimejaa grisi. "Hii ndiyo yako madam, ona ilivyoungua." Nikaifunga kwenye gazeti, nikaitia mkobani kama dhahabu. Gari linawaka kwenye P, herufi imerudi, taa ya injini imezima. Nikatuma pesa kwa M-Pesa na mia mbili juu za chai. Nikamwambia Mungu akubariki. Hiyo mia mbili ndiyo inaniuma kuliko zile nyingine zote.

Alhamisi jioni, mvua inanyesha, niko stesheni ya petroli karibu na Roysambu, gari halitaki. Yale yale.

Fundi wangu aliporudi alicheka kwanza, kisha akakasirika. Mwaka jana aliposhusha giaboksi alipiga mstari wa rangi ya njano, nusu juu ya swichi, nusu kwenye chuma cha giaboksi, ili akiirudisha ikae pale pale, maana ikikaa kombo kidogo tu gari halijui liko gia gani. Mstari ule upo hadi leo. Haujakatika, na vumbi limeugandia. Na ile ya kwenye gazeti? Plagi yake haifanani kabisa na ya gari langu.

Akachomoa plagi, akaweka mita ya kupimia umeme kwenye pini za swichi, mimi nasogeza P, R, N, D. Swichi haina kasoro yoyote! Kisha akanimulikia ndani ya plagi: kutu ya kijani, na pini moja imerudi nyuma. Jumamosi kabla ya haya yote nilikuwa nimeoshesha injini kwa mashine ya presha. Akasafisha, akairudisha pini mahali pake, 1,500. Kumbe P0705 inataja njia nzima, swichi, plagi na waya hadi kwenye kompyuta. Haikwambii kilichokufa ni swichi. Yule mwingine bila shaka alipuliza plagi ikakauka, akafuta msimbo kwa mashine yake, akakaa akingoja nimalize chai.

Dalili? Zilikuwepo. Hakutoa mita hata mara moja. Pesa alitaka ziende kwa namba ya kijana wake, si ile ya Lipa na M-Pesa iliyobandikwa ukutani. Risiti, eti kitabu kimeisha. Kiboksi cha hiyo speya mpya sikukiona, na sikuuliza. Nilipotaja dhamana akasema "sisi ni familia". Familia gani? Mtu huyu afungwe, ile mashine ichukuliwe, na kila shilingi aliyokula airudishe mbele ya wale vijana anaowafundisha wizi. Sasa hapokei simu zangu.

Jumamosi saa nne asubuhi naenda kituo cha polisi kuandikisha OB, kile kitabu chao cha matukio. Aliyelizwa na huyu huyu tuandamane, aje na risiti kama anayo. Mimi nakuja na gazeti langu.