TAHADHARI: Kuna GTX 1050 Ti zilizochakachuliwa zinauzwa Mbeya na Iringa

Wakuu wa Mbeya, Iringa, Njombe na Songwe, habari za kazi. Jana kijana mmoja wa Kihesa, Iringa, kanitumia picha ya kadi ya grafiki anayotaka kununua, na nilipoifungua moyo ukanidunda. Ni ile ile niliyouziwa mimi mwezi wa sita: feni mbili, kava jeusi lenye mstari mwekundu, stika ya "GTX 1050 Ti 4GB", na nyuma yake tundu la bluu la VGA, lile la waya wa skrini za zamani. Ukitajiwa kadi ya namna hiyo, usitume hata shilingi mia kabla hujamaliza kusoma hapa.

Mimi nahariri video za harusi, sendoff na kipaimara, niko Soweto hapa Mbeya. Mashine yangu ni kompyuta ya mezani ya mtumba, zile zilizotoka maofisini, pawa saplai yake ndogo. Ndiyo maana nilitafuta 1050 Ti. Kadi hiyo inakula wati 75 tu na inaweza kuzipata zote kwenye sloti, bila waya wa ziada. Wenye mashine kama yangu tuko wengi, na mpigaji anatujua vizuri kuliko tunavyojijua. Nilimlipa 240,000, hela niliyopokea kwenye mchezo wa kupeana, nusu kwa simu na nusu mkononi kwa kijana aliyemtuma stendi ya Nane Nane. Mzigo ulikuwa umefungwa safi, una boksi, una hadi flashi yenye draiva (programu ya kuiendesha kadi). Akanisisitizia kwa simu: "Kaka, tumia draiva za kwenye flashi tu, usishushe za mtandaoni, zitakuulia kadi." Niliona ananijali.

Kitu cha kwanza kilichonitia shaka ni tundu la waya wa umeme wa pini sita juu ya kadi. Nilipomuuliza akasema hili ni toleo lililoongezewa nguvu. Kweli zipo 1050 Ti halisi zenye tundu hilo, kwa hiyo nikanyamaza, nikanunua kiunganishi, nikachomeka. Windows ikaandika GTX 1050 Ti, memori 4GB. Nikashukuru Mungu.

Halafu nikaanza kazi. Video ya harusi niliyotegemea irende, yaani itoke kama faili kamili, nikiwa nakunywa chai ilikwenda mpaka magharibi. Kwenye programu ya kuhariri, chaguo la kurenda kwa kutumia kadi lilikuwa limefifia, halibonyezeki. Gemu ya mpira ambayo jirani yangu anacheza vizuri kwenye 1050 Ti yake, kwangu wachezaji walikuwa wanaruka kama picha za mnato.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo wizi wenyewe ulipo. Muuzaji hakunikwepa hata siku moja. Alipokea simu zangu zote, na kila nilipolalamika alinipa kitu cha kwenda kujaribu. Siku ya kwanza aliuliza kama waya wa skrini nimeuchomeka kwenye kadi au kwenye tundu la ubao wa mashine. Kesho yake akasema nipandishe mpangilio wa umeme wa Windows uwe wa nguvu kamili. Ikafuata kupima joto, kupuliza vumbi, kubadilisha pesti ya kupozea chipu. Baadaye RAM, eti nikiweka kijiti kimoja badala ya viwili mashine inakuwa nzito. Baadaye pawa saplai. Mwisho nipige Windows upya. Ubaya wake ni kwamba ushauri wote ule ni wa kweli. Hizo ndizo sababu halali zinazofanya kadi nzima ikimbie chini ya spidi yake, na fundi yeyote mwaminifu angekwambia hivyo hivyo. Yeye alikuwa anazitumia kula siku. Alinipa siku saba za kurudisha mzigo, na siku ya tisa, Windows mpya ikiwa ndiyo kwanza imemaliza kuingia, akaniambia kwa upole kabisa kwamba muda wa kurudisha umepita.

Mteja wangu wa harusi alishanipigia mara nne. Nilikuwa nimeazima pawa saplai ya watu. Nilikuwa nimelaumu RAM yangu, umeme wa mtaani, hata mikono yangu mwenyewe.

Nikaipeleka mashine kwa fundi Mwanjelwa. Hakugusa bisibisi kwanza. Alifungua GPU-Z, programu ndogo ya kusoma kadi ya grafiki iliyokuwa tayari kwenye mashine yangu, akaipa kadi kazi nzito, akaangalia namba mbili tu: mzigo wa kadi asilimia 99, joto nyuzi 61. Akaniambia maneno ambayo ningeyajua mapema yangeniokolea wiki mbili. Kadi iliyobanwa huonekana. Ikibanwa na joto, utaiona imepanda kuelekea nyuzi 83 huko ambako 1050 Ti nyingi huanza kujipunguza, na kwa baridi hii ya Julai huku kwetu kadi ya wati 75 haifiki huko kirahisi. Ikibanwa na prosesa au RAM, mzigo wa kadi wenyewe unakuwa chini kwa sababu inasubiri kazi. Hii yako iko asilimia 99 na imepoa, hivyo hakuna kinachoibana. Huu ndio uwezo wake wote.

Akauliza hiyo GPU-Z nimeitoa wapi. Kwenye flashi ya muuzaji. Akaifuta, akashusha toleo jipya. Tangu 2018 programu hiyo ina uwezo wa kutambua kadi za NVIDIA (kampuni inayotengeneza chipu za GTX) zilizobadilishwa jina, na muuzaji alikuwa ameniwekea toleo la kabla ya hapo makusudi. Toleo jipya lilipofunguka, mbele ya jina la kadi kulikuwa na neno FAKE. Chipu: GF116. Shaders, yaani vitengo vidogo vya hesabu ndani ya chipu: 192. Basi, yaani njia ya kadi kuzungumza na mashine: PCIe 2.0. Kadi halisi ya 1050 Ti ilitoka Oktoba 2016, chipu yake ni GP107, ina shaders 768 na inaandika PCIe 3.0.

Fundi akafungua kava mbele yangu. Akafuta ile pesti ya kijivu kwa pamba yenye spiriti, taratibu, na chini yake herufi zikajitokeza kwenye chipu: GF116. Ni chipu ya 2011. Wanachofanya ni kuchukua kadi za zamani za familia hiyo, kama GTS 450 na GTX 550 Ti, wakaandika upya baiosi yake, programu ndogo iliyo ndani ya kadi, ili ijitaje kuwa kadi nyingine. Windows haipimi kitu, inasoma jina ambalo kadi imejitaja nalo. Hata ile 4GB ni maandishi. Memori yangu halisi ilikuwa 1GB, na kila kazi ilipozidi hapo skrini ilijaa mistari ya rangi na mashine ikagoma. Lile chaguo lililofifia nalo likaeleweka: sehemu ya kubana video iitwayo NVENC ilianza kwenye kadi za NVIDIA za 2012, kwa hiyo chipu yangu haikuwahi kuwa nayo. Na kuhusu draiva, NVIDIA iliacha kutoa draiva mpya za kawaida kwa familia hiyo 2018. Draiva ya leo ya 1050 Ti ukiiweka, kadi ya namna hii inagoma au skrini inabaki nyeusi. Ndiyo maana aliniambia nisishushe.

Kwa hiyo mkienda kununua, angalieni tundu la VGA kwanza. Familia ya 1050 Ti haitoi tena mawimbi ya VGA, kwa hiyo ukiliona kwenye kadi inayojiita hivyo, ondoka. Halafu nenda na flashi yako mwenyewe yenye GPU-Z mpya. Ni faili dogo, haihitaji hata kusakinishwa. Kadi ichomekwe, uone chipu, uone shaders, ulinganishe na kadi halisi, ndipo hela itoke. Muuzaji akikuambia hana mashine ya kupimia, pelekeni kwa fundi mtaani, nauli ya bajaji utalipa wewe. Usikubali kulipa nusu kwanza. Na kadi ikisuasua siku ya kwanza, kabla hujabadilisha pawa saplai wala kupiga Windows, thibitisha kwanza kadi yenyewe ni ipi. Dakika tano zinatosha.

Kadi nyingine ya kuangalia ni RX 580, ya kampuni ya AMD. Ipo inayoitwa 2048SP, si feki, ilitengenezwa kwa soko la China, lakini ina shaders 2048 wakati RX 580 kamili ina 2304. Uzeni na nunueni kwa jina lake na bei yake.

Jina na namba za muuzaji siziweki hapa, nimeziacha polisi pamoja na meseji zote, risiti ya muamala na kadi yenyewe. RB ninayo. Wewe uliyepigwa kama mimi usitupe boksi wala kufuta meseji, na usijaribu kurudisha baiosi ya zamani, maana hayo maandishi ya uongo ndani ya kadi ndiyo ushahidi wako. Bidhaa bandia ni kazi ya Tume ya Ushindani pia, wapelekeeni malalamiko.

Yule kijana wa Kihesa nilimwambia amwombe muuzaji jambo moja, apige picha ya GPU-Z toleo jipya kadi ikiwa imechomekwa. Jibu alilopewa ni kwamba programu hiyo inaharibu kadi. Hela yake bado anayo. Namba iliyompigia si ile iliyonipigia mimi, lakini picha ya kadi ni ile ile, imepigwa juu ya kitambaa kile kile cha maua.