Khamrah ya Lattafa, miezi 5 kwenye joto la Dar: uzoefu wangu

Kiukweli mi nilikuwa mtu wa pafyumu za kupima. Miaka yote naenda Kariakoo na kichupa changu cha zamani, muuzaji anavuta mafuta kwa bomba la sindano, mili 10, anachanganya na spiriti yake pale pale mbele yangu, nalipa naondoka zangu. Sikuwahi kuona sababu ya kununua chupa nzima ndani ya boksi. Hadi alipohamia dada mmoja ofisi ya jirani na yetu hapa Posta, yule dada akipita kwenye korido unajua kapita hata kama hukumuona, nyuma yake inabaki harufu fulani kama mtu ameoka keki ya mdalasini kwenye nyumba iliyofukizwa udi jana yake. Nikavumilia wiki mbili, ya tatu nikamfuata, dada samahani, unajipulizia nini? Akacheka, akafungua mkoba akanionyesha. Khamrah.

Sasa hapo ndo nilipojiponza. Badala ya kwenda dukani nikaingia kwenye simu, nikakuta mtu anaiuza elfu 35 na bodaboda anakuletea bure, nikajiona mjanja. Ikaja. Boksi zuri tu, ila chupa nyepesi kama ya sharubati, maandishi yamefifia pembeni, na namba ya bachi (ile ya mkupuo wa kiwandani) kwenye boksi haifanani na ya chini ya chupa. Nikapuliza mara ya kwanza ikatoa matone badala ya ukungu, harufu ikaja spiriti ya kuchomea sindano, halafu biskuti, halafu baada ya nusu saa hamna kitu, mkono mtupu. Kumpigia yule muuzaji, simu haipokelewi hadi leo. Kwa hiyo nachoandika hapa chini ni cha ile niliyonunua baadaye kwa elfu 95, kwenye duka ambalo wana testa, yani chupa ya kujaribia, na wanakuruhusu utembee nayo mkononi saa nzima kabla hujaamua. Duka likikunyima testa, mi nashauri uondoke.

Ya ukweli ukiishika unajua tu. Kioo kizito chenye michongo, kama glasi ile ya pombe kali unayoiona kwenye muvi, na ndani maji ya rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Ni mili 100, Eau de Parfum (yani pafyumu iliyokolea), kampuni yake Lattafa ni ya Falme za Kiarabu na walianza kuitoa mwaka 2022. Watu wengi wanaifananisha na Angels' Share ya Kilian ya mwaka 2020, ambayo chupa yake ya mili 50 tu huipati chini ya laki 5, mi hiyo nimeinusa mara moja kwenye mkono wa mtu aliyetoka safari, na nilichoona ni kwamba zinafanana kwa mbali, ya bei kubwa imetulia zaidi, hii yetu ina utamu mwingi zaidi na viungo vinapiga kelele mwanzoni. Ile Angels' Share jina lake limetoka kwenye konyaki, ile brandi ya Wafaransa, sehemu inayopaa hewani ikiwa kwenye mapipa ndo wanasema mgao wa malaika, na huyo Kilian mwenyewe anatoka ukoo wa Hennessy, watengeneza konyaki, kwa hiyo pombe iko damuni.

Na jina Khamrah nalo ni pombe tu kwa Kiarabu, jambo ambalo sikulifikiria kabisa hadi nilipoenda nayo kwa shangazi yangu. Shangazi ni wa Tanga, nyumba yake kila Alhamisi jioni lazima udi uchomwe, chetezo kinazungushwa vyumba vyote na kanga zinatundikwa juu yake. Nikamwamkia, shikamoo shangazi, marahaba mwanangu, nikakaa, akaanza kunusa hewa. Unanukia nini wewe? Nikamtolea chupa kwa fahari. Akaisoma ile ya Kiarabu pole pole na miwani yake, akanitazama. "Hamra? Mwanangu, mbona hili jina la ulevi?" Nikabaki nacheka, nikamwambia shangazi na hamira ya maandazi yako si imetoka mzizi huo huo, akasema usiniletee uanasheria, leta mkono ninuse. Akanusa. Akarudia. "Hii mbona maandazi matupu."

Na hana kosa, mana tuangalie kilichomo. Juu wameweka mdalasini, kungumanga na bergamoti kidogo (tunda la jamii ya ndimu). Kati kuna tende, kuna kitu wenyewe wanaandika praline ila we elewa kashata ya karanga, na ua la tuberose ambalo mi pua yangu haijawahi kulikamata. Chini vanila, tonka (mbegu yenye harufu kama ya vanila), benzoin (utomvu wa mti unaofukizwa), manemane na miti miti. Yani ukiondoa hiyo tuberose na tonka, vingine nusu viko jikoni kwetu na nusu kwenye chetezo. Ndo mana huwa nachekeshwa na hili neno oriental, yani za Mashariki, hizi pafyumu za viungo na vanila Wazungu waliziita hivo miaka na miaka, toka enzi za Shalimar ya Guerlain mwaka 1925 hadi Opium ya Yves Saint Laurent mwaka 1977, siku hizi wengi wameanza kusema amber, ila wazo lilikuwa ni harufu za mbali, za ajabu, za siri. Mwambie shangazi kwamba mdalasini na manemane ni siri ya mbali uone atakavokutazama.

Inavyokaa sasa, mana hili ndo mtu anataka kujua. Mi najipulizia saa moja asubuhi baada ya kuoga na kupaka losheni isiyo na harufu, hiyo losheni usiidharau, ngozi kavu inakunywa pafyumu. Dakika 10 za kwanza ni mdalasini, na sio mdalasini wa unga uliokaa koponi, ni ule wa gome unapouvunja kwa mkono, unapanda mpaka puani kidogo unawasha. Kungumanga iko nyuma yake. Hapo ukikutana na mtu asiyependa viungo atasema umenuka pilau, usijali, mpe nusu saa. Ikifika saa mbili mdalasini umetulia, zinakuja tende, na hizi tende sio kavu, ni kama zimelowekwa usiku kucha kwenye kitu cha kuchachuka, kuna ka ulevi kwa mbali, ukichanganya na ile kashata unapata kama halua ikiwa bado ya moto haijamwagwa kwenye vikapu. Hiyo ndo sehemu naipenda na inaenda mpaka kama saa tano. Kuanzia hapo inashuka, inakaa karibu na ngozi, vanila na ile manemane inayoleta ukavu kidogo isiwe peremende tupu. Saa kumi na moja natoka kazini bado naisikia nikikunja mkono na kuuleta puani, ila mtu wa pembeni haisikii tena. Kama masaa kumi kwa ngozi yangu, na mi natoka jasho kama bomba bovu.

Halafu kwenye nguo ni mambo mengine kabisa. Kuna kanga nilijifunga Ijumaa, Jumapili naitoa kwenye tenga la nguo chafu bado inanukia vanila na moshi mwembamba, nikaahirisha kuifua.

Ila sasa ngoja niwaambie lilipo tatizo, ni joto letu. Wiki ya kwanza nilikuwa na uchu, nikajipulizia sita, shingoni mbili, mikononi mbili, kifuani, na moja hewani nikapita chini yake kama kwenye tangazo. Nikapanda daladala ya Gongo la Mboto, mwezi wa pili, watu wamesimama hadi mlangoni, madirisha nusu yamekwama. Tulipofika Tazara mama aliyekaa mbele yangu akajifunika pua na mtandio. Nikajifanya sioni. Tulipofika Buguruni konda akauliza kwa sauti, nani kabeba keki humu? Gari zima likacheka na mi mwenyewe kichwa kilikuwa kinagonga. Kosa langu sio la pafyumu. Joto linafanya vile vitu vyote vipae kwa pamoja, ule mpangilio wa mdalasini kwanza tende baadaye unavurugika, inakuja kama ukuta mmoja wa sukari, na wewe uliyejipulizia pua yako inaizoea haraka unadhani imeisha, unaongeza, kumbe wenzio wanakufa.

Toka siku hiyo kanuni yangu mchana ni mbili tu, moja nyuma ya shingo chini ya nywele na moja kwenye kunjo la kiwiko, na kama najua nitakuwa juani siipaki kabisa. Jioni natoka na watu, arusi, kitchen pati, mvua ya masika ikinyesha, hapo naenda hadi nne bila wasiwasi.

Mwezi wa saba nilipanda Lushoto kwa msiba wa babu wa mume wangu, nikaisahau kwenye mkoba wala sikuwa na nia ya kujipamba. Siku ya tatu mambo yametulia, jioni baridi inakata, nikapuliza moja tu ndani ya sweta. Aisee. Kule ndo niliielewa hii pafyumu inataka nini. Ilikuwa haikimbii, imejilaza, ule mdalasini ulikaa karibu saa nzima badala ya dakika 10, tende zikaja zenyewe taratibu, na asubuhi nimeamka nikavaa lile sweta na moshi wa kuni wa jana jikoni umeingia humo ndani ukachanganyika na vanila, mpaka nikakaa kitandani kwanza ninuse. Kwa hiyo kama we uko Mbeya, Njombe, Arusha huko, au Nairobi mwezi wa saba, nunua usiulize. Wa Dar, Tanga, Mombasa, nunua ila jifunze kubana kidole.

Jambo lingine, mtandio wangu mweupe niliupulizia kwa karibu sana, ukapata doa la njano kama la chai, nimefua mara tatu halijatoka lote. Pafyumu yenye vanila nyingi na rangi ile ya kukolea usiipulizie nguo nyeupe, rudi nyuma hatua moja au puliza upande wa ndani. Na chupa usiiache dirishani au ndani ya gari, jua linaiharibu, mi yangu iko kabatini katikati ya kanga na nazo zimefaidika. Wenye ngozi nyepesi kuwashwa jaribuni kwanza sehemu ndogo, mdalasini sio rafiki wa kila ngozi, mdogo wangu alipata vipele shingoni ikabidi yeye awe anaweka kwenye nguo tu.

Nani asinunue? Kama unapenda harufu za usafi, sabuni, ndimu, maji ya bahari, hii itakuchosha siku ya pili. Mama mjamzito mwenye kichefuchefu usimsogelee nayo, mwenzangu wa ofisini alinisihi kwa heshima zote. Na ofisi ndogo yenye AC moja ya kugombania pia hapana. Wanaume wanaivaa vizuri tu, mume wangu anaiiba na anadhani sijui, kwenye ngozi yake ile miti ya chini inatoka zaidi na utamu unapungua, kidogo nimwonee wivu. Wanaoogopa sukari kuna ndugu yake Khamrah Qahwa ya mwaka 2023, hiyo wameongeza kahawa, iliki na tangawizi, nimeinusa dukani inanikumbusha kahawa ya wale wazee wa mabirika ya shaba, ila haikukaa sana kichwani kwangu, nikarudi kwenye ya kwanza.

Elfu 95 kwa mili 100, miezi mitano, na mbanio wangu wa mbili mbili chupa iko juu ya nusu bado. Nikipiga hesabu ya zile mili 10 za kupima nilizokuwa namaliza kila wiki tatu na zilikuwa zinaisha harufu kabla sijafika kituo cha basi, naona nilichelewa.

Kile kichupa changu cha zamani sikukitupa. Nilikiosha, nikakipulizia Khamrah hadi kikajaa, nikampelekea shangazi kwenye sikukuu. Alikipokea kwa shingo upande, akakiweka kwenye kabati la vyombo nyuma ya birika, akasema atafikiria. Juzi usiku kanipigia simu, salamu hazijaisha kashaingia kwenye mada, "Mwanangu, ile ya maandazi imebaki kidole kimoja, na arusi ya kina Mwanaidi ni Jumamosi."